Kovu Lililoinuka: Silikoni, Sindano, Kisu au Kungoja? Ulinganisho kwa Sisi wa Lamu

Wiki haipiti bila mtu kuingia katika duka la dawa ninalofanyia kazi hapa Langoni, akatupa jicho nyuma kuona kama kuna anayemjua, kisha akavuta kona ya mtandio au akafungua vifungo viwili vya shati. Nyuma ya sikio pana kinundu kama kokwa ya zambarau, kigumu, kinang'aa. Au katikati ya kifua pamelala kitu kama kiwavi mnene, kimetambaa huku na huku. Majuzi alikuja mama wa makamo kutoka Matondoni.

"Mwanangu, hamna dawa ya kupaka ya kuliyeyusha hili?"

"Mama, hebu pita huku nyuma tulitazame kwanza," nikamwambia.

Wengi wanaokuja wanataka kujua dawa ipi ina nguvu zaidi. Nawaelewa. Lakini kwa makovu haya tiba zinazofanya kazi ni kadhaa, na karibu zote huharibika zikiachwa njiani. Kwetu kisiwani, ambako kumwona daktari wa ngozi huweza kumaanisha mashua hadi Mokowe, kisha zaidi ya kilomita 200 za barabara hadi Malindi, na Mombasa bado iko mbele, mimi hutazama jambo moja kabla ya mengine: ipi utaweza kuifikisha mwisho? Kwa jicho hilo ndivyo nitakavyozilinganisha hapa.

Kwanza lijue kovu lako

Makovu yaliyoinuka ni ya namna mbili, na kwa mbali yanafanana kama ndugu.

La kwanza nitaliita kovu nene. Hili hukaa ndani ya mipaka ya jeraha lake. Ulikatwa mstari wa inchi tatu, nalo litavimba juu ya mstari ule ule wa inchi tatu, basi. Huanza mapema, mara nyingi kati ya wiki ya 4 na ya 8 baada ya jeraha, likakua kwa miezi kadhaa, kisha likatulia. Mengi hushuka yenyewe polepole katika mwaka mmoja au miwili. Utaliona sana penye viungo vinavyovutwa kila siku, kama gotini na begani, na mahali palipoungua moto.

La pili ndilo keloidi, nayo haijui mpaka. Jeraha lilikuwa tundu la sindano ya kutogea, kovu likawa la ukubwa wa limau. Huweza kuanza miezi mingi baada ya kidonda kufunga, hata mwaka na zaidi, wakati mtu ameshasahau. Haishuki yenyewe. Huwasha usiku hadi mtu akajikuna usingizini, na wengine huhisi michomo kama ya pini. Inapenda ndewe na ukingo wa sikio, katikati ya kifua, mabega, mgongo wa juu, taya na kisogo. Kwenye kope, viganja na nyayo ni nadra sana kuiona. Daktari wa Kifaransa Jean-Louis Alibert, aliyeieleza mwanzoni mwa karne ya 19, aliipa jina lake kutokana na neno la Kiyunani lenye maana ya gando la kaa. Aliyewahi kutoa kaa kwenye mikoko ataelewa mara moja, kwa sababu kingo za keloidi hutoka kando ya jeraha na kuing'ang'ania ngozi nzima iliyo jirani.

Kipimo ninachowafundisha wateja ni cha kidole. Kumbuka jeraha liliishia wapi siku ile ulipoumia, weka kidole hapo. Kama kovu limekipita kidole na bado linakwenda, hiyo ni keloidi. Kama limekaa nyuma ya kidole, na halijamaliza mwaka, huenda ni kovu nene tu.

Tofauti hii ndiyo inayoamua yote yanayofuata. Kungoja ni tiba halali kwa kovu nene, hasa ukisaidia kwa silikoni na kulikanda kwa mafuta. Kwa keloidi kungoja ni hasara, maana ndogo na changa hutibika kwa urahisi kuliko kubwa iliyokomaa. Nimeona watu waliongoja miaka mitano wakitumaini itachoka yenyewe.

Keloidi huanza zaidi kwa watu wa kati ya miaka 10 na 30, na huenda katika ukoo: mama anayo, binti anayo. Sisi wenye ngozi nyeusi tunapata zaidi kuliko weupe. Makadirio yanayotajwa mara kwa mara ni kati ya watu 4.5 na 16 katika kila 100. Zamani iliaminiwa kuwa wenye ualbino hawapati. Utafiti uliofanywa Tanzania ulionyesha kuwa wanapata karibu sawa na wengine, kwa hiyo tusiwaambie watoto wetu wenye ualbino kwamba wao wamesalimika.

Fundi asiyejua kuacha

Ukuta wa mawe ya matumbawe ukipasuka, fundi huja na chokaa, akaziba ufa, akalainisha, akaenda zake. Ngozini mafundi ni chembe hai ziitwazo fibroblasti, na chokaa yao ni kolajeni. Kwenye kovu nene fundi amezidisha lipu, ila ameizidisha pale pale penye ufa, na baadaye huikwangua kidogo kidogo. Kwenye keloidi ufa umeshazibwa naye bado anapiga lipu, anapita kwenye ukuta mzima usiokuwa na kasoro.

Nalisema hili kwa sababu mbili. Moja, wagonjwa wengi hubeba aibu isiyo yao. Keloidi haiambukizi, si saratani, wala haitokani na uchafu, kijicho au kula nyama na mayai. Mke hana sababu ya kuhamia chumba cha pili kwa ajili yake. Pili, ukimwelewa fundi huyu utaelewa kwa nini kulikata kovu peke yake ni kumfungulia ufa mpya, mrefu zaidi ya ule wa kwanza.

Silikoni kwa upande huu, sindano kwa upande ule

Hizi mbili ndizo nizipendazo kuanza nazo, na watu huzichanganya kana kwamba moja inaweza kushika kazi ya nyingine.

Silikoni huja kwa namna ya karatasi laini inayonata, au jeli ya kupaka. Huwekwa juu ya jeraha lililokwisha kufunga kabisa, kamwe si juu ya kidonda kibichi. Karatasi hukaa mwilini saa 12 hadi 24 kwa siku, kwa miezi miwili mitatu au zaidi. Huoshwa kwa sabuni laini, ikakaushwa, ikarudishwa. Moja hudumu wiki kadhaa. Haiumi, haihitaji daktari, mjamzito hutumia, mtoto hutumia. Kinachotushinda sisi ni joto. Mwezi wa Machi jasho likitiririka karatasi huteleza, na chini yake hutoka harara. Kwa hiyo kwa watu wa pwani mimi hupendekeza jeli mchana, tabaka jembamba mara mbili kwa siku, ikauke kabla ya kuvaa nguo. Na karatasi usiku chini ya feni. Usoni na penye viungo jeli hushinda daima.

Ubora wa silikoni ni katika kuzuia na katika kovu nene changa. Kwa keloidi ngumu ya miaka, peke yake italainisha kidogo na kupunguza mwasho, isiishushe. Nauza silikoni, na bado nawaambia wateja hivyo kabla hawajatoa pesa.

Sindano ni dawa ya steroidi, mara nyingi triamsinoloni, inayochomwa ndani ya kovu lenyewe kila baada ya wiki 4 hadi 6. Nilikaa pembeni ya mpwa wangu alipochomwa ya kwanza. Alikuwa amelala ubavu, sikio juu. Daktari alichagua sindano nyembamba, akaizungusha kwenye bomba hadi ikafungika, maana kovu gumu hurudisha dawa kwa nguvu na sindano isiyofungika huchomoka. Akaingiza ncha katikati ya nyama ya kovu. Kidole gumba chake kilikuwa kikisukuma hadi kucha ikageuka rangi, na dawa ilikuwa ikiingia tone kwa tone. Kovu likapauka kwa sekunde chache, kama kidole kilichobanwa. Mpwa wangu alinibana mkono hadi nikahisi pete yangu. Inauma, nisikufiche, daktari mzuri huchanganya na dawa ya ganzi au hupoza kwanza kwa barafu.

Ncha ile lazima ibaki ndani ya kovu. Ikipita chini, dawa huyeyusha mafuta ya ngozi nzima na kuacha shimo. Ndiyo maana sitaki mtu achomwe na yeyote aliyeshika sindano tu. Hata ikichomwa sawasawa, ngozi inaweza kupauka kwa miezi, kuwa nyembamba, au kuonyesha mishipa midogo. Wanawake wengine hupotewa na mpango wa hedhi. Mwenye kisukari amwambie daktari, kwa sababu sukari huweza kupanda. Mjamzito kwa kawaida huambiwa angoje ajifungue.

Mwasho ndio wa kwanza kuondoka. Wiki chache baada ya sindano mpwa wangu alilala usiku mzima, jambo alilokuwa amelisahau. Kushuka kwenyewe huja taratibu. Tathmini nyingi za kitabibu huweka walionufaika kati ya 50 na 100 katika kila wagonjwa 100, na makovu yaliyorudi baadaye kati ya 9 na 50. Pengo hilo ni kubwa kwa sababu makovu yanatofautiana, na, kwa niliyoyaona mimi, kwa sababu watu huacha njiani. Sindano mbili zikishusha kidogo, mtu huridhika, harudi, na fundi hurudi kazini. Likigoma steroidi peke yake, daktari huweza kuichanganya na fluorourasili, dawa itumikayo pia kwenye saratani, kwa kiwango kidogo. Mchanganyiko huo huwa na nguvu zaidi na huiumiza ngozi kidogo kuliko steroidi nyingi. Hiyo nayo si ya mjamzito.

Ukinishika mkono uniulize kwa ufupi: kovu changa lisilopita mpaka, silikoni. Keloidi iliyokwisha kujitokeza, sindano, na silikoni iwe msaidizi.

Kisu

Hapa ndipo ninapotaka nisikike.

Mpwa wangu alitogwa matundu matatu juu ya sikio, penye gegedu, akiwa na miaka 15, kabla ya harusi ya binamu yake. Mawili yalipona. La tatu likavimba. Dada yangu akampeleka kwenye kliniki moja ya kulipia, na kwa muda usiofika saa moja kinundu kilikatwa, sikio likashonwa, akaambiwa arudi baada ya wiki kutoa nyuzi. Hakuna aliyemtajia sindano wala kibano wala uwezekano wa kurudi. Tulishukuru, tukapika. Mwezi wa nane kilikuwa kimerudi, kikubwa kuliko cha kwanza, kimefuata mstari wote wa mshono.

Baadaye nikaja kujua kuwa hilo linajulikana vizuri katika udaktari: keloidi ikikatwa bila kitu kingine, hurudi kwa wagonjwa 45 hadi 100 katika kila 100. Sikuwa na haja ya kuisoma tarakimu hiyo baada ya kulipia; ilipaswa kusemwa kabla ya kisu kuguswa.

Linganisha na kisu chenye wasaidizi. Safari ya pili, Mombasa, daktari alichoma kwanza sindano tatu za kulainisha, mwezi kwa mwezi. Ndipo akakata, akachoma dawa kwenye kingo za mshono pale pale mezani, akaendelea kuchoma kila mwezi hata sikio lilipoonekana zima. Juu ya hayo, kibano cha sikio, kama herini yenye vibamba viwili bapa, cha kuvaliwa saa 12 na zaidi kila siku kwa miezi sita au zaidi. Mwanamke wetu ana bahati hapo: chini ya mtandio hakionekani. Kibano kisiume wala kisigeuze rangi ya ngozi. Kikifanya hivyo kimekazwa mno. Mtandio wenyewe usifungwe kwa pini inayosugua mshono.

Ndewe na sikio ndipo mahali kisu chenye wasaidizi hufanya vizuri zaidi. Kifuani na mabegani ni kinyume, kwa kuwa ngozi ya huko huvutwa kila unapopumua na kila unapoinua mkono. Keloidi ya kifua mimi singekubali ikatwe kabla ya sindano kujaribiwa kwa dhati.

Msaidizi mwenye nguvu kuliko wote ni mionzi, ile ya mashine za saratani kwa kiwango kidogo, inayoanzwa ndani ya saa 24 hadi 48 baada ya kukata. Hupunguza sana kurudi. Haifai kwa mjamzito, na kwa watoto madaktari huiepuka. Na saa 24 hadi 48 maana yake anayekata na anayetoa mionzi wawe wamepangana kabla. Huwezi kukatwa kisiwani leo halafu ukaitafuta mashine kesho. Ni safari ya Mombasa au Nairobi, na kukaa huko siku kadhaa.

Mengineyo, kwa haraka

Baridi ya nitrojeni, yenye nyuzi 196 chini ya sifuri, hugandisha kovu na kuliua kutoka ndani. Kwa vinundu vidogo ni nzuri, lakini huua pia chembe za rangi, na juu ya ngozi nyeusi huacha doa jeupe linaloweza kudumu. Sikioni pengine si neno. Usoni fikiri mara mbili. Leza husaidia wekundu na mwasho, gharama ni kubwa na vikao ni vingi, na kwa ngozi yetu inataka mkono wenye uzoefu.

Jeli ya kitunguu na mafuta ya vitamini E huulizwa sana. Ushahidi wake ni dhaifu, na vitamini E huwatoa wengine vipele. Asali safi inafaa kwenye baadhi ya vidonda vibichi, shubiri hutuliza, mafuta ya nazi ni mazuri kwa kukandia kovu nene kwa dakika chache kila siku. Habasoda sina ubishi nayo mezani. Hakuna kati ya hivyo kinachoishusha keloidi. Krimu za steroidi, zikiwemo zile zinazouzwa kwa kujichubua, hazipenyi kovu gumu vya kutosha. Hula ngozi nzima ya pembeni, ikabaki nyembamba na yenye michirizi. Na asiwepo wa kulichoma kovu kwa tindikali au chuma cha moto. Nimeuona mgongo wa kijana aliyefanyiwa hivyo, na kovu moja lilikuwa limezaa matatu.

Hesabu ya mashua

Chukua sindano kila wiki 4 kwa miezi 6. Ni safari sita. Mtu wa Malindi huweza kwenda Mombasa na kurudi siku ile ile. Wa Amu, yaani mji wa Lamu, huondoka alfajiri na mara nyingi hulala. Wa Faza au Kizingitini ana mashua mbili kabla hajaona lami, na kati ya Juni na Agosti, kusi ikikaza, kuna siku bahari haimruhusu kabisa.

Kwa hiyo namshauri mtu kama huyo mambo matatu. Apige simu kwanza, hospitali ya King Fahd hapa Lamu au ile ya serikali Malindi, aulize kama kuna anayechoma makovu na siku gani, au kama kuna daktari wa ngozi anayekuja kwa zamu. Asifunge safari kwa kubahatisha. Kisha, kama lazima aende mbali, aanze baada ya kusi kulegea, vikao vya mwanzo visikatike. Na aombe barua: daktari bingwa aandike dawa, kiwango na mpangilio, ili vikao vya kati, akiona inafaa, vifanywe karibu na nyumbani na mtu aliyefundishwa kazi hiyo. Huko Moshi, Tanzania, kuna chuo cha kanda cha magonjwa ya ngozi kilichofundisha maofisa tabibu wa nchi nyingi za Afrika. Mtu wa namna hiyo akiwa karibu nawe, ni hazina.

Na kama kwa kweli hutaweza safari hizo mwaka huu, kaa na silikoni na kibano, usikate. Keloidi ambayo haijaguswa ni adui mdogo kuliko iliyokatwa ikaachwa.

Kuizuia: sikio, chuku na jikoni

Bibi zetu walitogwa sikio zima, ndewe na ukingo, wakatia majasi. Wengi hawakupata kovu. Lakini ukoo wenye keloidi ufikiri tofauti. Watafiti wa Marekani waliowauliza wagonjwa waliona kuwa waliotogwa kabla ya miaka 11 walipata keloidi kwa uchache zaidi kuliko waliotogwa baada ya hapo. Basi kama mama anayo na anataka binti atogwe, ni heri mapema na kwenye ndewe tu. Msichana wa miaka 15 anayetaka matundu ya juu ya gegedu ndiye niliyemwona akilia. Aliyekwisha kupata keloidi moja asitoge tena popote. Herini za kubana zipo, na nzuri.

Chuku nazo. Watu huumikwa hapa kwa wingi, na sehemu inayopendwa kuchanjwa ni mgongo wa juu na mabega, ndipo hasa keloidi inapopenda. Sikatazi ibada wala tiba ya mtu. Namwomba mwenye historia ya makovu amwambie anayemuumika atumie chuku kavu, bila wembe. Maneno hayo hayo nayasema kuhusu chale. Na kwa wanaume, kinyozi anayechonga mstari wa kisogo kwa wembe kila Ijumaa huacha nywele zikikua kwa ndani. Vipele vile vikiachwa hugeuka vinundu vigumu. Mashine isiyogusa ngozi inatosha.

Jikoni ndiko watoto wanakopatia makovu mabaya. Mafuta ya mahamri yakimwagika mkononi, weka mkono chini ya maji yanayotiririka kwa dakika 20, tena zihesabu kwa saa, maana kwa mtoto anayelia dakika tano huonekana kama 20. Hakuna dawa ya meno, unga, jivu wala mafuta ya taa. Kidonda cha moto kinachochukua zaidi ya wiki 3 kufunga kina hatari kubwa ya kuacha kovu nene, hivyo kikivuka wiki 2 bila dalili ya kufunga, hospitali. Vidole vya mtoto vinyooshwe kila siku wakati wa kupona, la sivyo kovu huvivuta vikakunjamana.

Mshono wowote, uwe wa ajali au wa upasuaji wa uzazi, ukishafunga na nyuzi kutoka, bandika juu yake plasta ya karatasi, ile nyeupe nyembamba ya bei ndogo, kwa urefu wa mshono, uibadilishe inapobanduka, kwa wiki 12 hivi. Inazuia ngozi kuvutana. Ni kitu cha bei ya chini kuliko vyote dukani kwangu na ndicho ninachokisukuma zaidi. Mama mjamzito mwenye keloidi amwambie daktari mapema, wakati wa kliniki, asingoje kulazwa mezani.

Usilolinganisha

Kuna hali ambazo hazina la kuchagua, ni kwenda tu. Kinundu kilichoota kama keloidi mahali ambapo hapakuwahi kuwa na jeraha wala kipele: kuna uvimbe wa saratani unaofanana nayo, na unahitaji kukatwa kipande upimwe. Kovu la zamani la moto lililofunguka kidonda kisichopona kwa miezi: hilo nalo huweza kugeuka saratani. Kovu linalotoa usaha, linalovuja damu bila kukwaruzwa, au linalomzuia mtoto kunyoosha kiungo.

Aliyekwisha kuchagua njia yake namfundisha kupima kwa uzi, kwa sababu jicho hudanganya na kioo hudanganya zaidi. Chukua uzi wa kushonea kofia, uuzungushe kovu palipo panene, funga fundo pale ncha zinapokutana. Mwezi ujao, tarehe ile ile, pima tena kwa uzi ule ule na ufunge fundo jingine. Mafundo yakirudi nyuma, dawa inafanya kazi hata kama wewe huoni. Yakisogea mbele miezi miwili mfululizo, rudi kwa daktari ukiwa umeushika uzi huo.

Wa mpwa wangu unaning'inia nyuma ya mlango wa chumba chake, mweupe, umeshika vumbi kidogo. Una mafundo saba. Matano ya mwisho yamekaribiana sana, na la saba limekaa juu ya la sita, hata ukiyapapasa kwa kidole unadhani ni moja. Kibano bado anakivaa kila usiku, na Alhamisi ijayo tuna mashua ya saa kumi na mbili asubuhi.